Mtu wa Dodoma na Siku Chache za Chole

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, Julai 2024, bahari imesogea karibu na nyanda za kati. Mtumishi anayeondoka makao makuu asubuhi hupita Gulwe, Kilosa na Morogoro, na mchana yuko Dar. Wengi huishia ufukweni hapo au huvuka kwenda Unguja. Wachache mno hukumbuka Mafia, mkabala na delta ya Rufiji, na wachache zaidi hufika Chole, kisiwa kidogo ndani ya ghuba ya Mafia ambacho mtu hukimaliza kwa miguu asubuhi moja.

Njia ni mbili. Ndege ndogo kutoka Dar hutua Kilindoni, kisiwani Mafia, baada ya nusu saa hivi. Asiye na nauli hiyo hupanda basi Mbagala hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, akavuka kwa maji hadi hapo hapo Kilindoni. Kutoka Kilindoni kuna lami ya kilomita 14 hadi Utende, kisha mashua hadi Chole.

Chole hakuna magari. Kuna njia za mchanga chini ya minazi na miembe, na popo wakubwa wala matunda wananing'inia mitini mchana kutwa, wakingoja giza wakatafute chakula. Ufukweni mafundi huunda vyombo vya mbao kwa shoka, tezo na jicho, bila mchoro wowote wa karatasi. Mgeni aliyezoea saa za ofisi hugundua upesi kwamba hapa mpangaji wa siku ni maji. Yakijaa, mashua zinatembea. Yakipwa, hasa wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, sehemu kubwa ya ghuba hubaki wazi, vyombo vikalala ubavu na watu wakashuka kutafuta pweza. Ndiyo maana anayepanga likizo hii afungue kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi.

Ng'ambo kidogo, kisiwani Juani, yapo magofu ya Kua, yenye misikiti na jumba la watawala. Mji ule ulivamiwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava kutoka Madagaska, waliokuja kwa mitumbwi mingi, wakaua na kuteka watu. Haukusimama tena. Chole ndiyo iliyorithi nafasi yake, ikawa na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kihindi, na Wajerumani walipoitwaa Mafia mwaka 1890 wakaweka boma lao hapo hapo. Mwaka 1913 walihamia Kilindoni. Kuta walizoziacha zimebanwa na mizizi ya miti, na inafaa kuzitazama kwa utulivu pamoja na mwenyeji anayejua habari zake.

Kisha kuna ngalawa. Mtumbwi huu wenye mbao za kando zinazouzuia usipinduke ni ndugu wa mitumbwi ya Tahiti na Hawaii. Wanahistoria huunganisha ufundi huo na mabaharia wa Kiaustronesia, ambao ukoo wao mmoja ulikwenda mashariki ukaijaza Polinesia watu, na mwingine ukavuka Bahari ya Hindi hadi Madagaska. Kule Polinesia mtumbwi huwa na boya la upande mmoja. Hapa ngalawa ina maboya pande zote mbili. Mtanzania anayetamani visiwa vya mbali alivyoviona kwenye picha anacho hapa chombo cha ukoo uleule, na nahodha anayezungumza naye Kiswahili.

Ghuba yote imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995, yenye kilomita za mraba 822. Vijiji vimo ndani ya mipaka yake, kwa hiyo mgeni anaingia kwenye makazi ya watu: avae kwa staha, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huonekana zaidi upande wa Kilindoni, kati ya Oktoba na Machi. Hula viumbe vidogo vya majini na hana madhara, ila asiguswe.

Miezi hiyo ya kaskazi ndiyo bora kwa mtu wa bara asiyezoea mawimbi. Kusi ikivuma, katikati ya mwaka, bahari huchafuka na safari za maji huweza kuahirishwa, hivyo abakize siku ya akiba kabla ya tarehe ya kuripoti kazini.