DAFTARI LA KIRANJA

Kabla sijafika mbali, nakishukuru Chama cha Kiswahili kwa kunigawia ukurasa huu. Mada yangu ni uongozi wa wanafunzi na jinsi unavyoweza kusaidia masomo. Najua baadhi yenu mmeshaanza kutafuta ukurasa wa vichekesho. Ngojeni kidogo jamani, jambo hili linatuhusu sote.

Muhula huu wa tatu tutapiga kura kuchagua baraza jipya la wanafunzi. Uchaguzi wa mara hii si kama ile iliyopita. Shuleni tumo makundi matatu tu: kidato cha nne wanaojiandaa kutuaga, sisi wa kidato cha tatu, na ndugu zetu wa Gredi ya 10 walioingia Januari 2026. Sisi ndio tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, na KCSE ya mwaka 2027 ndiyo iliyopangwa kuufunga mfumo wa 8-4-4. Nyuma yetu hakuna kidato kingine. Je, tutawaachia wadogo wetu nini? Beji na tai tu?

Uongozi wa viranja haukuanza jana. Mtindo huu tuliurithi kutoka shule za Waingereza wakati wa ukoloni. Kwa miaka mingi kiranja aliteuliwa na walimu. Kazi yake ilikuwa kupiga kengele, kusimamia usafi na kuandika majina ya wapiga kelele. Wanafunzi wengi walimwona kama askari aliyewekwa kuwachunga, na chuki ikazaliwa. Mwaka 1999, viranja wanne wa shule moja ya wavulana huko Nyeri waliuawa kwa moto uliowashwa na wanafunzi wenzao usiku. Hakuna kosa la kiranja linalostahili kifo cha namna hiyo. Nalitaja jambo hili la huzuni ili tujue kwamba pengo kati ya kiongozi na wanaoongozwa si mchezo.

Baadaye mambo yalianza kubadilika. Mwaka 2001 viboko vilipigwa marufuku shuleni. Mwaka 2009 kukaundwa baraza la kitaifa la wanafunzi wa shule za upili, na shule nyingi zikaanza kuwaacha wanafunzi wachague viongozi wao wenyewe. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Sheria hiyo ina jambo ambalo wengi wetu hatulijui: mwakilishi wa baraza la wanafunzi ana nafasi katika bodi ya usimamizi wa shule. Yaani mmoja wetu huketi na watu wazima wanapozungumzia madawati, vitabu na chakula chetu. Sasa niambie, ndugu msomaji, mtu huyo utamchagua kwa sababu anajua kucheza densi?

Hapa kwetu uchaguzi huenda hivi. Kwanza, naibu wa mwalimu mkuu hutoa fomu, na yeyote anayetaka cheo huijaza na kuipeleka kwa mwalimu wake wa darasa. Pili, walimu huangalia mahudhurio na nidhamu ya mwombaji. Alama za mtihani huangaliwa pia, lakini si lazima uwe wa kwanza darasani. Tatu, wagombea huhutubia gwaride kwa muda wa wiki moja. Mwisho, kila mtu hupiga kura ya siri darasani, nazo huhesabiwa mbele yetu sote.

Mimi mwenyewe nimepitia moto huo. Mwanzoni mwa mwaka huu niligombea uwakilishi wa darasa, nikashindwa kwa kura tisa. Aliyenishinda aliahidi kwamba githeri yetu itatiwa nyama kila Ijumaa. Hadi leo tunaingoja hiyo nyama. Sisemi haya kwa wivu. Nasema kwa sababu nami ahadi zangu zilikuwa za hewa tu. Niliahidi "mabadiliko" bila kutaja hata moja.

Sasa nije kwenye daftari. Kila mwakilishi wa darasa hupewa daftari dogo. Tulipokuwa kidato cha pili, mwaka 2025, daftari la darasa letu lilikuwa na kazi moja: majina ya wapiga kelele. Jina langu lilionekana humo mara nyingi, sikatai. Katika mwaka huo rafiki yangu, msichana tuliyekaa naye dawati moja, alianza kukosa shule. Kwanza Jumatatu, kisha siku mbili, kisha wiki nzima. Mama yake alikuwa mgonjwa, naye alikuwa mkubwa katika watoto wao. Isitoshe, alikuwa ameanguka mitihani miwili ya Hisabati na aliona haya kurudi. Mimi nilidhani walimu wanajua. Mwakilishi alidhani mimi nimesema. Kumbe hakuna aliyesema! Rejista ilikuwa na alama za kutohudhuria, lakini mpaka mtu alipouliza sababu, wiki tatu zilikuwa zimekwisha, na rafiki yangu alikuwa ameanza kibarua cha kusuka nywele sokoni.

Nilimkuta huko siku moja. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akanijibu, "Nilidhani hakuna aliyejua sipo." Maneno hayo yalinichoma zaidi ya tusi. Daftari letu lilimwandika aliyecheka darasani, likamsahau aliyetoweka.

Mwaka huo huo nilikutana na daftari la aina nyingine. Katika mtihani wa Hisabati nilikuwa nimepata alama 8 kwa 100. Karatasi hiyo niliificha chini ya godoro, mama asiione. Kiranja wa maktaba wakati huo alikuwa dada mmoja wa kidato cha nne. Yeye aliandika katika daftari lake kila aliyeazima kitabu na kitabu gani. Siku moja aliniita kando akaniambia, "Wewe umeazima hadithi kumi na moja muhula huu, lakini kitabu cha Hisabati hujakigusa. Kuna nini?" Hakunicheka wala hakunishtaki. Nikamwambia ukweli, na machozi juu. Kesho yake saa saba mchana alinipeleka kwenye kikundi cha masomo.

Ningependa kueleza kikundi hicho kinavyofanya kazi, maana wengi hudhani ni cha werevu peke yao. Tulikuwa watano. Kanuni yetu ilikuwa kwamba kila mmoja aje na swali moja alilolikosa. Ukija bila kosa, huna la kufanya pale. Anayejua hulieleza ubaoni polepole, halafu yule aliyelikosa hulirudia peke yake huku wengine wakinyamaza. Hapo ndipo utajua kama umeelewa au umeitikia tu. Dakika thelathini, basi. Kufikia mwisho wa mwaka nilipata 41. Si alama za kupigiwa vigelegele, lakini karatasi hiyo sikuificha. Tena niligundua kwamba anayeeleza hufaidika kama anayeelezwa, kwa kuwa huwezi kufundisha jambo usilolielewa.

Shule yetu ni ya kutwa. Ikifika saa kumi jioni wengi wetu tunakimbia nyumbani kuchota maji, kuwapikia wadogo zetu au kukama ng'ombe. Wenzetu wa bweni wana masomo ya usiku. Sisi tuna taa moja na watu sita wanaoihitaji. Ndiyo maana msaada wetu sharti tuupate mchana, na kiongozi ndiye anayepaswa kutuonyesha mahali ulipo. Upo, ila umekaa kimya.

Kuna mwalimu wa ushauri nasaha. Mlango wake si wa watundu tu. Hata mwenye shida ya nyumbani, kama rafiki yangu, angesikilizwa. Kuna pia basari. Matangazo yake hubandikwa ubaoni, lakini wengi huyaona siku ya mwisho ikiwa imepita. Mjumbe mmoja wa baraza akiyasoma gwarideni na kuwakumbusha wenzake kukusanya stakabadhi mapema, atakuwa amewasaidia wazazi wengi.

Wasichana wenzangu, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017, serikali ina wajibu wa kutoa sodo bila malipo kwa wasichana wa shule za umma waliobaleghe. Mwakilishi wa wasichana anapaswa kujua kama zimefika, ziko kwa mwalimu yupi, na kama zimekwisha. Hili si jambo la kuonea haya. Msichana akikosa siku tatu au nne kila mwezi, hesabuni wenyewe vipindi vinavyompita.

Hali kadhalika, wako wenzetu wenye uoni hafifu. Baraza la Mitihani la Kitaifa huwaandalia watahiniwa kama hao karatasi za maandishi makubwa, lakini shule hupaswa kutoa habari mapema wakati wa kuwasajili. Kiongozi anayeona mwenzake akikunja uso kila siku kuutazama ubao, asinyamaze. Amwambie mwalimu.

Nanyi wa Gredi ya 10, msidhani haya hayawahusu kwa kuwa vitabu vyenu ni tofauti na vyetu. Ninyi mmegawanyika katika njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Kweli hatuwezi kuwafundisha kila kitu. Lakini aibu ya kuanguka ni ile ile, na dawa yake ni ile ile: mtu mmoja wa kukuuliza, "Kuna nini?" Mwaka 2027 mtakuwa Gredi ya 11, na kazi hii itakuwa mikononi mwenu. Njooni vikundini sasa ili muione ikifanywa. Mimi huongoza kimoja kila Jumanne na Alhamisi, ingawa kura zilininyima cheo. Kumbe kusaidia hakuhitaji beji.

Je, rafiki yangu? Mwaka 2020 serikali ilitoa mwongozo unaowaruhusu walioacha shule warejee. Nilimwendea mwalimu wa ushauri nasaha, akaniambia mlango u wazi. Nimepeleka habari hiyo sokoni mara mbili. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili aliuliza kama sare yake ya zamani bado inaruhusiwa. Nitakwenda tena.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi siku ya kampeni, mgombea akisimama mbele yenu na ahadi za nyama, mpigieni makofi kama mnataka, lakini mwulizeni swali moja: daftari lako litaandika nini? Akisema wapiga kelele peke yao, msimpe kura. Akisema ataandika nani hayupo leo, nani hana kitabu, na nani amenyamaza kupita kiasi, huyo mpeni.

Hapa naweka kalamu yangu chini. Nawatakia mtihani mwema kaka na dada zetu wa kidato cha nne, na uchaguzi mwema sisi tunaobaki.