Nani Hulipia Reli?

Magongo, upande wa Changamwe, haiko mbali na reli mbili. Ya kwanza ni ile ya zamani, yenye upana wa mita 1, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Ya pili ni ile pana, SGR, iliyofunguliwa mwaka 2017, ambayo stesheni yake kubwa ya abiria iko Miritini. Watu wengi hudhani kwamba anayelipia reli ni yule mwenye tikiti mkononi. Sivyo. Hata mkulima ambaye hajapanda gari moshi hata siku moja anailipia, basi yafaa ajue fedha zake zinakwenda wapi.

Reli ni mali ya umma. Inasimamiwa na Shirika la Reli la Kenya, lililoundwa mwaka 1978 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule kuvunjika. Fedha zake hutoka katika mifuko mitatu.

Mfuko wa kwanza ni nauli za abiria na malipo ya mizigo.

Mfuko wa pili ni mkopo. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi iligharimu karibu shilingi bilioni 327, na sehemu kubwa ilikopwa mwaka 2014 kutoka Exim Bank ya China. Mkulima wa skimu aliyepata shamba kwa mkopo anaelewa jambo hili: mavuno yawe mengi au machache, siku ya kulipa hufika.

Mfuko wa tatu ni ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanza mwaka 2013. Forodha huutoza kwa bidhaa nyingi zitokazo ng'ambo. Ulipoanza ulikuwa asilimia 1.5, yaani mzigo wa thamani ya shilingi 10,000 ulitozwa shilingi 150. Mwenye duka huongeza fedha hizo katika bei, na anayenunua baiskeli huzilipa bila kujua.

Lakini kujenga ni mwanzo tu. Reli, kama shamba, isipopaliliwa huharibika: mifereji huziba, kokoto huzama, mataruma hulegea. Mwaka 2006 reli ya zamani ilikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa miaka 25, iendeshe magari moshi na kuitunza njia. Mkataba huo ulikatizwa mwaka 2017, kabla hata nusu ya muda haijatimia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; na ukuta wa reli hujengwa kwa fedha za wote.

Mkulima afanye nini? Asilime wala kulisha ng'ombe katika ardhi ya reli. Akimwona mtu anang'oa vyuma vya njia, apige ripoti mara moja. Tena, Katiba ya mwaka 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Basi bajeti inapojadiliwa, asiulize tu reli mpya itafika wapi. Aulize pia ni kiasi gani kimetengwa kuitunza iliyopo.