Usingizi wa Mtoto wa Darasa la Awali

Mwalimu anayeanza kazi katika darasa la awali hachelewi kukutana na mtoto anayesinzia mkekani wakati wenzake wanahesabu vizibo. Asikimbilie kumwita mvivu. Yampasa kwanza kuuliza mtoto huyo alilala wapi, saa ngapi, na pamoja na nani.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 waeleza kwamba mtoto wa miaka 1 hadi 2 huhitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13, pamoja na ule wa mchana. Basi mtoto aamkaye saa 12 asubuhi hana budi awe amelala ifikapo saa 2 usiku.

Katika vijiji kama Mchombe, bondeni Kilombero, jambo hilo si jepesi. Msimu wa mpunga jamaa nyingi huhamia vibandani mashambani. Malazi hubadilika, na wakubwa huzungumza motoni hadi usiku. Mtoto hukataa kulala kwa kuwa hataki kutengwa na watu wake. Wakati huohuo mbu wameanza kuuma. Utafiti uliofanywa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kuwa vyandarua vyenye dawa viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Lakini chandarua hakimkingi mtoto aliye nje yake; kwa hiyo saa ya kulala ni pia saa ya kinga.

Katika mikutano na wazazi, mwalimu ashauri haya kwa adabu:

1. Mambo ya jioni yafuatane vilevile kila siku: kuoga, kula, kujisaidia, hadithi fupi, kisha chandarua. Utaratibu huu waweza kufuatwa hata shambani.
2. Mtoto aarifiwe mapema kwamba mchezo unakaribia kwisha.
3. Akitoka kitandani, arudishwe kwa upole na kwa maneno yaleyale. Kumtisha kwa fisi au zimwi humwongezea hofu, na hofu hufukuza usingizi.

Darasani, mwalimu atenge muda mfupi wa kupumzika baada ya michezo, kivulini au penye utulivu. Asiyelala asilazimishwe; atazame picha kimya. Wengi wafikiapo miaka mitano huwa wameacha usingizi wa mchana. Anayeuhitaji asicheleweshwe hadi alasiri, maana usiku atakataa kulala.

Hata hivyo, mwalimu asidhani kila usingizi ni uchovu. Mtoto mwenye joto la mwili, aliyelegea, asiyeweza kunywa, au asiyeamka kwa urahisi, huenda ana malaria kali. Huyo asiachwe mkekani apumzike: apelekwe mara moja kwenye kituo cha tiba, na wazazi waarifiwe.

Zoezi: Wakati wa mazoezi ya kufundisha, chagua watoto watatu wanaosinzia mara kwa mara. Kwa juma moja andika saa ya kusinzia ya kila mmoja, kisha zungumza na mzazi au mlezi wake kuhusu malazi ya usiku. Linganisha maelezo hayo kabla ya kuamua nani abadilishiwe ratiba, na nani apelekwe kupimwa.