Utangulizi: Hodi, Nani, Mimi

Mtu akibisha hodi, mwenye nyumba huuliza, “Nani?” Mara nyingi hujibiwa, “Mimi,” na mlango hufunguliwa. Neno lenyewe halimtambulishi yeyote; sauti ndiyo imefanya kazi. Taaluma ninayokukaribisha inahusu vitu visivyo na sikio la namna hiyo: kamera ya getini, ruta ya sebuleni, balbu inayowashwa kwa simu. Usiku kucha vinabishiwa hodi na wasioonekana, na ni lazima viamue nani aingie.

Mwaka 2016 viliamua vibaya. Programu iliyoitwa Mirai, iliyoandikwa na vijana watatu wa Marekani, ilizunguka intaneti ikibisha kupitia Telnet, mlango wa zamani wa kuamuru mashine kutoka mbali. Haikuvunja kufuli. Ilibeba orodha ya majina na nywila sitini na kitu, zile za kiwandani: admin na admin, root na 123456. Nyingine mwenye kamera asingeweza kuzibadilisha hata angetaka, kwa kuwa zilikuwa zimefungiwa ndani ya kifaa. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, jeshi la vifaa vilivyotekwa kwa programu hiyo liliielemea kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikigeuza majina ya tovuti kuwa anwani, na Twitter na Netflix zikagoma kufunguka kwa watu wengi. Ajabu ni kwamba Mirai ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ukizima kamera, imetoka. Ukiiwasha na nywila ileile, baada ya dakika chache imerudi.

Watu husema kosa ni la mtumiaji mvivu. Mimi nasema ni la kiwanda kilichouza nyumba elfu kwa ufunguo mmoja. Uingereza imekubali hoja hiyo: tangu 29 Aprili 2024 imepiga marufuku nywila za pamoja za namna hiyo kwenye vifaa vya nyumbani.

Hata nywila nzuri ina udhaifu wake, kwani anayeisikia ikipita anaweza kuirudia. Ndiyo maana sura kadhaa zitahusu hodi ya aina nyingine: kifaa kinatoa namba ya kubahatisha, mgeni anaitia saini kwa ufunguo wake wa siri, na kesho namba inakuwa nyingine. Siri haijatoka mfukoni.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, geuza ruta yako usome kibandiko cha chini. Ukikuta admin na admin, na bado zinafanya kazi, weka kitabu pembeni kwanza ukazibadilishe.