Fahamu: Saratani ya mlango wa kizazi na mwanamke mwenye VVU

Katika Nyasubi, mjini Kahama, ambako biashara na dhahabu vimekusanya watu wa kila asili, yafaa mwanamke anayeishi na VVU afahamu ya kuwa hatari yake ya kupata saratani ya mlango wa kizazi ni takriban mara sita ya mwenziwe asiye navyo. Sababu ni kirusi cha HPV, kiambukizwacho kwa kujamiiana, ambacho mwili wenye kinga timamu aghalabu hukifukuza wenyewe. Lakini kinga ikidhoofika, kirusi hudumu, na maradhi ambayo kwa desturi hukomaa kwa miaka 15 hadi 20 huweza kuzuka katika miaka 5 hadi 10.

Kungoja damu au maumivu, basi, ni kuidhulumu nafsi. Shirika la Afya Duniani lausia mwanamke huyu apimwe tangu umri wa miaka 25, kila miaka 3 hadi 5. Na kipimo cha siki, kifanyacho chembe zilizoharibika zigeuke nyeupe, ni cha dakika chache tu. Tena, ili kinga isidhoofike, dawa za kufubaza VVU zisiachwe.

Ama mabinti, Tanzania huwachanja dhidi ya HPV nchi nzima tangu 2018, na sasa dozi moja huwatosha. Ila binti mwenye VVU ahitaji zaidi ya moja, na mzazi asione haya kumweleza mhudumu faraghani.