Mwangwi Unaopima Ardhi

Wengi wetu twaijua GPS kama kitu cha kumwonyesha dereva njia. Je, wajua kwamba inaweza pia kupima unyevu wa udongo?

Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,000, zikituma mawimbi ya redio. Kipokezi kilicho ardhini huyanasa na kukokotoa mahali kilipo. Lakini si mawimbi yote yanayofika moja kwa moja. Mengine hugonga ardhi kwanza, yakadunda kama mpira, ndipo yakafika yakiwa yamechelewa kidogo. Kwa miaka mingi wapimaji waliuona mwangwi huu kuwa kero tupu, maana uliwaharibia vipimo.

Mwaka 2008, Kristine Larson wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba kero hiyo ina faida. Ardhi yenye maji huyadundisha mawimbi tofauti na ardhi kavu. Basi ukiusoma mwangwi vizuri, utajua udongo una unyevu kiasi gani.

Mwaka 2016 Marekani ilirusha setilaiti ndogo 8 za CYGNSS ili kuusikiliza mwangwi huo kutoka angani, katika ukanda wa tropiki, na Kenya yetu imo. Zilikusudiwa kupima upepo wa tufani baharini, lakini zimeonyesha hata ardhi iliyofurika.

Jambo hili si mchezo. Mahindi hayanywi mawingu. Hunywa maji yaliyomo udongoni. Anayeyajua hayo mapema huiona njaa kabla haijabisha hodi.