Kalsiamu: mjumbe anayefunga milango ya majani

Mmea ukipatwa na ukame hauwezi kuhama kutafuta maji. Kinga yake ya haraka imo ndani ya majani.

Kila jani lina vitundu vidogo mno viitwavyo stomata, na kila kitundu huzungukwa na seli linzi mbili. Humo ndimo mmea huvuta hewa ya kaboni dioksidi ili ujitengenezee chakula, na humo ndimo sehemu kubwa ya maji yaliyonyonywa na mizizi hupotelea.

Udongo unapokauka, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki. Homoni hiyo ikifika kwenye seli linzi, kalsiamu ndani ya seli huongezeka ghafla. Hapa kalsiamu hufanya kazi ya mjumbe: ikishirikiana na protini mbalimbali, huwezesha kufunguka kwa njia zinazotoa chembe za chumvi nje ya seli. Maji huifuata chumvi, seli hunywea, na kitundu hujifunga.

Mwaka 1990, watafiti McAinsh, Brownlee na Hetherington walieleza katika jarida la Nature kwamba kalsiamu huongezeka kabla ya stomata kufunga. Protini zinazoipokea homoni hiyo zilitambuliwa mwaka 2009.

Hata hivyo, kinga hiyo si ya bure. Stomata zikifunga, kaboni dioksidi nayo huzuiwa. Mahindi yanaweza kunusurika na kiu, lakini ukame ukidumu, mkulima huvuna haba.